Kipindi cha Sweta: Miaka Yangu ya Kufundisha Mashairi ya Upuuzi Ufipa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Wampembe nikiwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kamba, na barua ya kupangiwa kituo iliyokuwa imeanza kuchanika kwa jinsi nilivyoikunja na kuikunjua njiani. Nilikuwa mwalimu wa cheti, Daraja la Tatu A, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, na nilikuwa nimeteremka kutoka nyanda za juu mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika nikiwa nimekaa juu ya magunia kwenye lori. Mwalimu Mkuu alinipokea mlangoni mwa ofisi. Aliisoma barua mara mbili, akavitazama viatu vyangu vya kisigino, akasema, "Darasa la kwanza ni lako, mwalimu. Wako wengi, wanakaa chini, na kitabu ni kimoja. Ukiwafundisha kukaa mahali pamoja mpaka Krismasi nitakuandikia barua ya pongezi."

Barua hiyo sikuipata, kwa sababu sikuwafundisha kukaa. Niliwafundisha kusoma, na nilifanya hivyo kwa kuwadanganya. Walimu vijana wa hapa kwetu wameniomba nieleze kazi ile ilivyokuwa, nami naieleza bila unyenyekevu mwingi, maana niliijua.

Wakati ule tulianza na silabi. Silabi ni kile kipande cha neno ambacho mdomo hukitoa kwa pigo moja: ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu anaandika ubaoni, anaelekeza kwa fimbo, darasa linaitikia. Kutoka kwenye silabi unakwenda kwenye neno, kutoka kwenye neno unakwenda kwenye sentensi, na sentensi za kitabuni zilikuwa za heshima sana. Baba analima. Mama anapika. Watoto wangu waliziitikia zote kama wanaosali rozari, na nilipowachunguza mmoja mmoja nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa anasoma. Mtoto akiona neno mama anamalizia mwenyewe kwamba anapika. Ubao alikuwa hautazami tena.

Asubuhi moja, kwa hasira zaidi kuliko kwa ujuzi, niliandika ubaoni: Dagaa amevaa koti. Hawa walikuwa watoto wa wavuvi, waliowashika dagaa kabla ya kushika kalamu. Darasa lilianza kuitikia kwa mazoea, halafu sauti zikapungua katikati, halafu kukawa kimya. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akaja mbele bila kuitwa. Akaweka kidole kwenye neno la mwisho, ko, akakisogeza, ti, akanigeukia.

"Mwalimu, umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Hapa. Dagaa hana mikono. Koti atalivaaje?"

Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa amesoma, na si kusoma tu, alikuwa amerudia kusoma ili ahakikishe. Siku hiyo nilijifunza jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. Sentensi ya kweli mtoto huikisia. Sentensi ya uongo lazima aisome mpaka mwisho, tena kwa makini, ili ajue amedanganywa wapi.

Sentensi ile nikaitungia wenzake watatu, ikawa ubeti:

Dagaa kavaa koti,
amepanda mchongoma,
anakamua mabuti,
maziwa yanachechema.

Mtaona kwamba upuuzi wangu ulikuwa na adabu. Kila mstari una mizani nane, yaani silabi nane, ambazo tulizihesabu kwa makofi, na mistari inafuatana kwa vina, ti na ma, ti na ma. Mtu akidhani shairi la upuuzi ni maneno ya ovyo hajawahi kujaribu kulitunga. Maana yake imechanganyikiwa, lakini mwendo wake haupotei hata hatua moja. Mtoto akikosea kusoma silabi moja, makofi yanagongana, darasa zima linajua. Sikuhitaji fimbo.

Kulikuwa na andalio la somo, karatasi ambayo mwalimu hujaza kabla ya kuingia darasani: mada, lengo, zana, hatua. Kwenye nafasi ya zana wenzangu waliandika vijiti, mawe, kadi za silabi. Mimi niliandika uongo. Mwalimu Mkuu alinirudishia karatasi.

"Mwalimu, hii zana uliyoandika, umeitoa stoo gani?"

"Ninayo mwenyewe, Mwalimu Mkuu."

"Basi iandike kwa penseli, nisije nikaulizwa."

Nilikaa ziwani miaka minne. Halafu nikaolewa na fundi redio wa mtaa wa Majengo, Sumbawanga, nikaomba uhamisho, nikapewa shule moja ya hapo mjini, kule pembeni mwa Izia ambako nyumba zinaishia na mashamba ya mahindi na ngano yanaanzia. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Majengo ambayo nilipokuwa msichana yalikuwa na sabuni ya mche na rafu tupu, sasa yalijaa mpaka vitu vikaning'inizwa mlangoni. Mume wangu alikuwa na redio kaseti za kutengeneza mpaka chini ya kitanda. Na mitumba ilikuwa imefika. Mtu wa Ufipa anajua baridi ya kwetu, hasa mwezi wa sita na wa saba, hivyo jambo la kwanza nililonunua nikiwa mama wa nyumba yangu lilikuwa sweta la mtumba, la vifungo, la bluu, zito, la nchi ambayo bila shaka ina baridi kuliko yetu.

Nilipanda mlima na dagaa wangu, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza kubwa katika kazi hii.

Niliandika ubeti ule ule ubaoni. Hakuna aliyecheka. Walipiga makofi vizuri, wakanakili vizuri, wakaenda nyumbani. Siku mbili baadaye alikuja mzazi mmoja, mkulima mtu mzima, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwa shida kwenye kiti cha mwanafunzi.

"Mwalimu, sisi tumekuja kwa heri tu," alisema. "Kijana wangu amekataa kula dagaa. Mama yake amemchapa, bado anakataa. Anasema wana makoti kama watu, na wanakamuliwa, na kwamba mwalimu ndiye aliyesema. Sasa mimi ziwani sijafika. Nikasema nije kuuliza kwanza."

Sikujua nicheke au nitubu. Watoto wa juu walikuwa wamewaona dagaa wakiwa wakavu tu, wametoka kwenye gunia, macho yamenyauka. Walivyoishi huko majini nani aliwaambia? Kwao dagaa mwenye koti hakuwa ajabu kuliko dagaa asiye na koti. Tena jambo lilikuwa limesemwa na mwalimu, na enzi zile alichosema mwalimu kilikuwa kweli kuliko alichosema baba. Mtoto hawezi kuucheka uongo kama haijui kweli yake, na hawezi kuucheka kama anayeusema ni mtu asiyeruhusiwa kuwa mwongo. Nilikuwa nimevunja yote mawili kwa ubeti mmoja.

La kwanza lilikuwa rahisi. Nilitunga upya kwa vitu vya kwao:

Ngano imepanda punda,
inakwenda kuchumbia,
jembe limepika tunda,
na chungu kinalilia.

La pili lilinisumbua wiki nzima, mpaka asubuhi moja nilipokuwa darasani nikalivua sweta, nikaligeuza ndani nje, nikalivaa hivyo hivyo. Kwa ndani lilikuwa na nyuzi za rangi zinazoning'inia kila mahali. Nikawaambia watoto: "Nikiwa hivi, mimi ni mwongo, na ninyi ni waongo. Hakuna linalosemwa humu ndani ambalo ni kweli, na mwenye kusema kweli anakaa chini. Nikiligeuza sawasawa, mimi ni mwalimu wenu, na uongo tumeuacha." Walielewa kabla sijamaliza. Tangu siku hiyo, nusu saa kila Jumanne na Alhamisi, tulikuwa na kipindi cha sweta.

Tulikifanya hivi. Darasa linasimama. Mimi natoa mstari, mtoto wa kwanza anaongeza uongo wake, wa pili anaongeza wake, tunakwenda hivyo mstari kwa mstari. Anayesema kweli anakaa. Yule anayebaki amesimama, uongo wake unaandikwa ubaoni na darasa linausoma. Kulikuwa na katazo moja tu: mwili wa mtu na kwao mtu hatuvigusi. Tukimtania mtoto kwa umaskini wa kwao, huo si upuuzi tena.

Sasa nije kwa Kabula, maana wakinitajia kipindi cha sweta ndiye ninayemkumbuka.

Kabula alikuwa binti wa Kisukuma. Baba yake alikuwa ametoka kaskazini na ng'ombe, akaweka boma kwenye majani ng'ambo ya Izia, na mtoto akaandikishwa shule kwa msukumo wa shangazi yake, aliyeolewa pale mtaani. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake kwa kichwa kizima. Nyumbani alizungumza Kisukuma. Wenzake nyumbani walizungumza Kifipa, Kiswahili wakakiokota mtaani. Yeye hakukiokota popote. Tangu Januari mpaka Juni hakunijibu hata neno. Nikimwita anasimama, anatazama meza, ninamwambia akae, anakaa.

Mwezi wa saba, katika kipindi cha sweta, zamu ilimfikia. Kwa kawaida alirukwa, lakini siku hiyo jirani yake alichelewa kidogo kudakia, na katika nafasi ile Kabula akasema, "Ng'ombe anasoma."

Darasa likacheka. Nikaogopa, maana kicheko kinaweza kumfunga mtoto mdomo mwaka mzima. Lakini walikuwa wanamcheka ng'ombe, na yeye alijua.

"Anasoma darasa la ngapi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "La kwanza. Anakaa mbele."

Ndipo alipokuwa anakaa yeye. Kuanzia hapo akawa hakai chini kirahisi. Sababu niliielewa baadaye: katika kipindi kile hakukuwa na kukosea. Mtoto wa Kifipa akisema chungu kinalia na yeye akisema ng'ombe anasoma, wote wamesema visivyokuwepo, hakuna anayejua zaidi ya mwenzake. Kila wiki alileta neno jipya. Nikiligeuza sweta sawasawa, anarudi kuwa kimya.

Mwezi wa kumi alileta mstari mrefu kuliko yote. "Ng'ombe wa baba wamegoma. Hawahami. Wanasubiri mimi nimalize la saba."

Alishinda siku hiyo. Niliuandika ubaoni, darasa likausoma kwa makofi, nami nilicheka mpaka nikashika ukingo wa ubao. Siku mbili baadaye shangazi yake akaja shuleni kuuliza habari za barua ya uhamisho. Malisho yalikuwa yamekwisha, alisema, na kaka yake, baba wa Kabula, anapeleka ng'ombe kusini.

Nilijisikia vibaya kupita kiasi. Mtoto alikuwa amenieleza jambo la maisha yake mbele ya watu wote, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nami nilikuwa nimelihesabia mizani. Jumamosi hiyo nilikwenda bomani kwa miguu. Baba yake alikuwa kwenye zizi la ndama.

"Mwangaluka, mzee," nikamsalimu kwa Kisukuma changu chote.

"Mwangaluka, mwalimu. Karibu." Alitabasamu kidogo. "Huyu mtoto mnamfundisha nini huko? Hapa anatuambia ng'ombe anasoma."

"Ni somo, mzee."

"Somo la uongo?"

"Ndiyo, mzee. La uongo."

Alimpiga ndama mgongoni, kisha akasema bila ukali wowote, "Mimi shule siichukii. Dada yangu yupo, anaweza kumlea. Akivuka kwenda la pili, namwacha hapa asome. Lakini akirudia, anakwenda na sisi. Siwezi kumwacha mtoto kwa watu mwaka mzima ili akae pale pale."

Alikuwa amesema sawa. Siku hizo tulikaririsha watoto, yaani mtoto asiyejua kusoma na kujieleza alirudia darasa. Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu wa shule ile, bwana mwenye mwendo wa kijeshi, ambaye alinipenda lakini hakuniamini.

"Mwalimu," alisema, "huyo binti wewe ukivaa sweta kinyume anaongea kama redio. Ukilivaa sawasawa anakuwa kabati. Nimpandishe kwa ushahidi gani? Mkaguzi wa Shule anakuja wiki ijayo. Amesikia kuna darasa linafundishwa uongo, na amesema la kwanza atalipima yeye mwenyewe kwa mdomo. Akimsikia huyo binti akisema jambo moja la kweli kwa Kiswahili, anavuka. Asipomsikia, usinililie."

Wiki hiyo yote nilimkalisha Kabula na maswali ya kawaida. Jina lako nani. Unakaa wapi. Baba anafanya kazi gani. Alitazama meza.

Siku ya ukaguzi ilikuwa na manyunyu. Jana yake nilikuwa nimelifua sweta, maana sikutaka Mkaguzi anione na chaki mabegani, na kama kila mwanamke mwenye akili nililianika ndani nje ili jua lisipaushe rangi. Asubuhi nililitoa kambani, likiwa bado na ubaridi, nikalivaa harakaharaka, nikajitanda kitenge juu kwa ajili ya mvua, nikakimbia. Nadhani mmeshaona kitakachotokea. Mimi sikuona. Nilifika darasani, nikatundika kitenge msumarini, na Mkaguzi akaingia.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Watoto wakasimama, wakaamkia shikamoo, akaitikia marahaba, wakabaki wamesimama. Ningepaswa kushangaa hapo.

"Wewe," akamwambia wa kwanza. "Kuku ana miguu mingapi?"

"Saba, mkaguzi. Lakini mmoja umeazimwa na jirani."

Mkaguzi akanitazama. Nami nikamtazama mtoto, kijana mpole kuliko wote.

"Wewe. Jua linatoka wapi?"

"Linatoka Majengo, dukani, kwenye mfuko."

"Mwalimu wenu anaitwa nani?"

"Anaitwa Chungu."

Jambo lililonitisha ni kwamba hawakuwa wakifanya utundu. Walikuwa watiifu kabisa, wamenyooka, kila mmoja akisubiri zamu yake kwa heshima. Mkaguzi akafika kwa Kabula.

"Wewe mkubwa. Baba yako anafanya kazi gani?"

"Baba anafugwa na ng'ombe," akasema Kabula kwa sauti safi.

Mkaguzi akafunga kalamu. Dirishani, Mwalimu Mkuu alikuwa akijivuta kola ya shati lake kama mtu anayekabwa, akinionyesha kwa macho. Nikajitazama. Nyuzi nyekundu, nyuzi za njano, mpaka kwenye mikono.

Vijana, katika kazi hii kuna dakika ambayo andalio la somo halikusaidii. Nikasema, "Bwana Mkaguzi, naomba kidogo tu." Nikalivua sweta mbele yake, nikaligeuza, nikalivaa, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Watoto wote wakakaa chini. "Sasa waulize tena, maswali yale yale."

Nadhani aliuliza kwa udadisi tu. "Kuku ana miguu mingapi?"

"Miwili, mkaguzi."

"Jua?"

"Linatoka mashariki."

Na jina langu walilitaja, la ubatizo na la ukoo. Akaja kwa Kabula. Kabula akasimama, akatazama meza.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

Manyunyu yalisikika kwenye bati. Mkono wangu ulikuwa kwenye kifungo cha juu cha sweta, nasema kweli, na ulitaka kukifungua. Kwa nyuzi zile angesema chochote. Lakini kingekuwa uongo, na uongo Mkaguzi alikwishausikia. Nikaushusha mkono. Kabula aliuona ukishuka. Akainua uso, si kwangu, kwa Mkaguzi.

"Anafuga ng'ombe."

"Wengi?"

"Wengi. Wanahama. Mimi sitaki kuhama."

Mkaguzi akaitoa tena kalamu, taratibu. "Kwa nini hutaki?"

"Sijamaliza kusoma," akasema Kabula, akakaa kabla hajaambiwa.

Nje, barazani, Mkaguzi aliniambia, "Mwalimu, nilikuwa tayari kuandika kwamba darasa lako halijui lolote."

"Wasiojua, Bwana Mkaguzi, mmojawapo angebahatisha. Hakuna hata mmoja aliyebahatisha jibu sahihi. Kuyakwepa yote namna ile lazima uyajue."

Alifikiri juu ya hilo, halafu akaingia ofisini na kuandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za shule mistari miwili, ambayo niliisoma mara nyingi baadaye. Wa kwanza ulisema darasa la kwanza linasoma na kujieleza, na wote wavuke. Wa pili ulisema mwalimu wa darasa ajitazame kwenye kioo kabla ya kuja kazini.

Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi baada ya hapo. Walitaka kunifanya Mratibu Elimu Kata nikakataa, maana mratibu ana faili, hana watoto. Nilistaafu kwa hiari yangu, magoti yakiwa bado mazima, na sioni aibu kusema kwamba waliopita mikononi mwangu walisoma. Siku hizi wajukuu zangu wanapelekwa na basi la njano kwenye shule ya Kiingereza, wanarudi wananiimbia nyimbo ndefu ambazo hawajui neno hata moja ndani yake. Nikiwauliza maana wanasema hiyo haipo kwenye mtihani. Mimi sina ugomvi na Kiingereza. Nashangaa tu kwamba mimi niliitwa mwalimu wa upuuzi, na watoto wangu walijua siku zote upuuzi ni upi.

Msiogope kucheka darasani. Ila mjue mnacheka nini, na mkisikia mtoto amesema uongo mzuri kupita kiasi, baada ya kipindi mwiteni pembeni mumuulize. Hilo mimi nilijifunza kwa kuchelewa.

Watu huniuliza kama Kabula kweli alibaki. Baba yake alitimiza neno lake, alimkabidhi kwa shangazi. Lakini hakusubiri shule ifungwe ndipo ahame. Alhamisi ya wiki iliyofuata, tukiwa tunasoma ubaoni, tulisikia ng'ombe wanapita barabarani, wengi, na watu wakipiga miluzi. Darasa zima likageuza shingo. Kabula hakugeuka. Halafu akanyoosha kidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikamuage baba."

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni. "Ukimruhusu humwoni tena," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wale ndio watu wa kwao."

Nilijua huenda anasema kweli. Nilijua pia kwamba nikimzuia, atakaa pale mbele miaka saba akinitazama. Nikamwambia aende. Akatoka mbio, hakuchukua daftari, na vumbi la ng'ombe likamfunika kwenye kona ya shamba la ngano.

Nikaendelea kufundisha. Sijui nilifundisha nini. Miluzi ilipungua, ikawa mbali, ikaisha, tukamaliza ubao wa kwanza nikafuta, nikaandika wa pili. Kengele ya mapumziko ilikuwa karibu kugongwa mlango ulipofunguka. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini na macho yalikuwa mekundu. Alipita mbele ya Mwalimu Mkuu, aliyekuwa bado amesimama humo ndani, akaja akakaa mahali pake, akafungua daftari.

"Mwalimu," akasema, "mmefika wapi?"